Warumi 13 iko shelfu ngapi? Jinsi maktaba ya seminari ilivyopangwa na jinsi ya kupenya humo ndani

Mtu akiingia maktaba ya seminari kwa mara ya kwanza mara nyingi anafanya kitu kimoja, anaenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya katalogi anaandika "mamlaka" au "serikali", yanakuja majibu matatu, moja ni hotuba ya mkutano mkuu wa dayosisi miaka ile, jingine halieleweki, basi anaguna "hii laibrari haina kitu" anarudi zake bwenini kufungua simu. Na wakati huo huo humo ndani kuna vitabu kibao vinavyoongelea kitu hicho hicho anachotafuta, ila vimekaa sehemu sita au saba tofauti, havijaandikwa "mamlaka" popote, na vingine havimo hata kwenye kompyuta.

Sio uzembe wa mtu. Maktaba ya theolojia imepangwa na watu wengi waliopita kwa nyakati tofauti, kuna Mmarekani aliyegawa namba mwaka 1876, kuna wamisionari walioleta masanduku ya vitabu vya kwao, kuna wachungaji wa Ulaya waliofariki na familia zao zikatuma vitabu kwa kontena, kuna mkutubi aliyeamua komentari zote, yani vitabu vya kufafanua Biblia mstari kwa mstari, zikae pamoja na aliyemfuata akaamua zitawanywe. Kila mmoja ameacha uamuzi wake humo shelfuni, ukiujua uamuzi huo kitabu unakipata, usipoujua unaona migongo ya vitabu tu. Kwa hiyo nachukua mfano mmoja tutembee nao: Warumi 13, ile "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu". Tuseme umepewa asaimenti ya kurasa kumi na tano, au we si mwanafunzi kabisa, ni mwinjilisti tu umepangiwa zamu Jumapili ya kabla ya uchaguzi na unajua washarika wataondoka na maneno yako kwenda nayo kijiweni.

Anza kaunta, usianze kompyuta. Watu wanaona aibu kumuuliza mkutubi, wanafikiri ataona hawajui, kumbe kazi yake kubwa ni kulinyoosha swali lako kabla halijafika shelfuni. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

— Shikamoo mama.

— Marahaba baba, unatafuta nini?

— Natafuta vitabu vya mamlaka.

— Mamlaka ya nani, ya serikali, ya askofu, ya Biblia, au ya kutoa mapepo?

Hapo hakutanii. Hizo ni shelfu nne. Kwa namba za Dewey, yule Mmarekani wa 1876, mamlaka ya Biblia iko 220.1, uongozi wa kanisa na maaskofu wake uko 262, mapepo na malaika wako 235, na kanisa na siasa iko 261.7. Ukishamjibu tu kwamba ni ya serikali, na tena ni kifungu cha Warumi, kazi imepungua nusu.

Sasa kompyuta. Maktaba nyingi za vyuo huku kwetu zinatumia Koha, programu ya bure iliyoanzia New Zealand, na mkutubi akipata kitabu kipya mara nyingi haandiki maelezo yake upya, anavuta rekodi iliyokwisha tengenezwa na maktaba kubwa za Marekani au Uingereza. Inaokoa muda sana ila ina madhara yake, vichwa vya somo, yani maneno yanayotaja mada ya kitabu, vinabaki kwa Kiingereza, kwa hiyo ukiandika "serikali" kompyuta inakuletea tu kitabu ambacho neno hilo limo kwenye jina lake. Kitabu cha Kiingereza chenye kurasa mia tatu za Warumi 13 hakiwezi kujitokeza hapo hata ukae mpaka jioni. Ndo maana inabidi uandike kama katalogi inavyoongea, "Bible. Romans" kwa upande wa Biblia na "Church and state" kwa upande wa siasa. Halafu kuna ujanja mmoja ambao kwangu mimi unashinda mingine yote: tafuta kitabu kimoja tu ambacho una uhakika kinahusika, fungua rekodi yake nzima, shuka chini utaona vile vichwa vya somo vimepigiwa mstari, bonyeza kimoja, ndugu zake wote wanajitokeza. Huna haja ya kukariri msamiati wa watu wa katalogi, kitabu kimoja kinakufundisha.

Ila katalogi ina upofu wake mwingine ambao haujulikani sana. Inajua vitabu, haijui kilichomo ndani ya vitabu. Theolojia ina mtindo wa kukusanya makala ishirini za watu ishirini kwenye kitabu kimoja cha kumuenzi profesa fulani anapostaafu, na makala bora kabisa kuhusu Warumi 13 inaweza kuwa ya kumi na nne humo ndani, wakati jina la kitabu ni "Heshima kwa Profesa Fulani". Hiyo utaipata kwa njia ya majarida na faharasa, nitaifikia.

Tuingie shelfuni. Melvil Dewey alipogawa maarifa yote ya dunia kwenye makumi mwaka 1876, dini alizipa 200 na ndani ya hizo karibu zote akaupa Ukristo: 220 Biblia, 230 mafundisho, 240 maadili na ibada binafsi, 250 uchungaji na usharika, 260 kanisa na jamii, 270 historia ya kanisa, 280 madhehebu. Uislamu, Uyahudi, Uhindu, Ubudha na dini zote za Afrika zikabanana kwenye 290. Uislamu uko 297, na dini za asili za Afrika ziko 299.6, yani bara zima limepewa desimali. Seminari za pwani ambazo zina vitabu vingi vya Uislamu kwa sababu ndo majirani unaishi nao, hapo 297 utakuta shelfu imejaa mpaka namba zenyewe zimekuwa ndefu kama za simu. Makanisa ambayo Dewey hakuwa na pa kuyaweka yako 289.9, na makanisa huru ya Kiafrika mara nyingi utayakuta mitaa hiyo hiyo. Mi huwa naona mwanafunzi wa Afrika Mashariki angepewa somo la nusu saa tu kuhusu jambo hili siku anayopewa kitambulisho, maana akienda 230 akakuta theolojia yote ni ya Wajerumani na Wamarekani ataamini Waafrika hawajaandika, kumbe wamewekwa 276 kwenye historia ya kanisa la Afrika, au 299.6 kabisa, hata kama walichoandika ni mafundisho juu ya Kristo.

Warumi yenyewe ni 227.1. Komentari zake zinaongezewa 07 mwishoni, 227.107, na chini ya namba kuna herufi za jina la mwandishi. Hapo ndo uanze. Lakini angalia na 220.7, maana komentari nyingi hutoka kwa mfululizo, kitabu kimoja kwa kila kitabu cha Biblia, na kuna maktaba ambazo zimeamua mfululizo wote ukae pamoja usitenganishwe, kwa hiyo komentari nzuri ya Warumi inaweza kuwa imepanga mstari na Mwanzo na Malaki mita kumi kutoka ulipo wewe. Muulize yule mama wa kaunta, "mfululizo mmeuweka pamoja au mmeutawanya?" Swali hilo moja linaweza kukuongezea vitabu sita.

Kutoka 227.1 nenda 241 kwa maadili, 261.7 kwa kanisa na siasa, kisha toka kabisa nje ya dini nenda 322.1, maana watu wa sayansi ya siasa nao wanaandika kuhusu dini na dola na Dewey aliwapa chumba chao. Mpangilio huu unafuata fani, sio mada. Mada moja inakatwa vipande kufuatana na nani anaiongelea, mchambuzi wa Biblia, mwanamaadili, mwanahistoria au mwanasiasa.

Kama maktaba yenu inatumia mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ule wa herufi, hadithi ni ile ile kwa majina mengine: BS ni Biblia na komentari za Warumi ziko BS2665, BT mafundisho, BV kazi ya kanisa ikiwemo kanisa na dola pale BV630, BR historia, BX madhehebu, BP Uislamu. Siasa nyingine imejificha BR115 kwenye herufi P. Unashika herufi mbili za fani yako, nyingine utazoea.

Haya, umerudi mezani na komentari tatu. Hapa ndo pana utamu wenyewe na watu wengi wanapapita haraka: tanbihi, yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa. Nakuonyesha mnyororo mmoja wa kweli. Mwaka 1963 Papa Yohane wa 23 alitoa waraka wa amani duniani, Pacem in terris, na kwenye aya ya 46 anaongelea mamlaka, anamnukuu Paulo wa Warumi 13 kisha anamleta Yohane Krisostomo, mhubiri wa karne ya nne, akifafanua kwamba Paulo hasemi kila mtawala mmoja mmoja amewekwa na Mungu, anachosema ni kuwa kuwepo kwa mamlaka kwenyewe ndiko kunakotoka kwa Mungu. Kwa mhubiri wa Jumapili ya kabla ya uchaguzi hiyo ni tofauti kubwa mno. Sasa unataka kuhakikisha Krisostomo alisema hivyo kweli, unashuka kwenye tanbihi unakuta "PG 60, 615".

Wengi wanaishia hapo, wanainakili hiyo PG kwenye kazi yao kama walivyoikuta bila kujua ni nini. PG ni Patrologia Graeca, mkusanyo wa mababa wa kanisa walioandika Kigiriki, padri mmoja wa Ufaransa anaitwa Migne aliuchapisha kuanzia 1857 mpaka 1866, majuzuu 161, na kabla ya hapo alishachapisha wa Kilatini, PL, zaidi ya majuzuu mia mbili. 60 ni namba ya juzuu. 615 sio ukurasa, ni safu, maana kila ukurasa una safu mbili na kila safu ina namba yake, kwa hiyo ukitafuta "ukurasa wa 615" utazunguka. Ukiifungua unakuta Kigiriki na pembeni yake Kilatini. Hujui chochote kati ya hivyo viwili? Usiondoke. Hotuba hiyo ni ya 23 katika mfululizo wa Krisostomo juu ya Warumi, na hotuba zote hizo zilitafsiriwa kwa Kiingereza karne ya 19, zimo juzuu ya 11 ya mfululizo wa kwanza wa mababa wa Nikea na baada ya Nikea, majuzuu mazito ambayo karibu kila seminari inayo na siku hizi yako bure mtandaoni. Kwa hiyo kutoka waraka wa 1963 umefika Antiokia karne ya nne bila kutoka kwenye kiti, na sasa unaweza kuandika "Krisostomo alisema" bila kumtegemea mtu wa katikati.

Upande wa Walutheri mnyororo unafanana. Komentari itakuambia Luther aliandika mwaka 1523 juu ya mamlaka ya kidunia na mpaka wapi inapaswa kutiiwa, na tanbihi itasema "WA 11, 245". WA ni toleo la Weimar la kazi zote za Luther, lilianza kuchapwa 1883 na lilikamilika 2009, ndiyo, zaidi ya karne nzima, na lugha ni Kijerumani cha zamani na Kilatini. Usiogope, toleo la Kiingereza la Marekani linafupishwa LW na kitabu hicho kiko LW 45. Kila fani ina vifupisho vyake kama hivi, na kila kitabu kikubwa kina kurasa za vifupisho mwanzoni kabla ya sura ya kwanza, zile kurasa ambazo mtu anazirukia haraka kwenda kwenye utangulizi. Zipige fotokopi, zibandike ndani ya jalada la daftari lako.

Majuzuu haya hayaazimwi, yana kibandiko chekundu au herufi R mgongoni, ni ya kusomea humo humo. Kuna wanaolalamika, lakini fikiria mtu mmoja akienda na juzuu 60 nyumbani likizo nzima, seti imekatika na haiuzwi juzuu moja moja dukani. Risevu ni kitu kingine tena: hivyo ni vitabu vya kawaida ambavyo lekchara ameomba viwekwe nyuma ya kaunta kwa ajili ya darasa lake, unapewa saa mbili au usiku mmoja, na faini yake huwa inapigwa kwa saa, sio kwa siku. Usichanganye hivyo viwili ukaja kushtuka na deni.

Chumba hicho hicho cha rejea ndo kina kamusi za Kigiriki na Kiebrania, itifaki (orodha ya maneno ya Biblia na mahali yalipo), ensaiklopidia na atlasi. Nitasema jambo moja tu hapa kwa sababu linawagusa wahubiri wengi. Aplikesheni za Biblia za bure kwenye simu zina namba za Strong na kamusi ya Thayer, na watu wanahubiri "kwa Kigiriki neno hili maana yake ni hii" kwa kujiamini kabisa. Itifaki ya Strong ni ya 1890. Thayer ni ya 1889. Ziko bure kwa sababu hakimiliki imekwisha, sio kwa sababu ni bora, na zilitoka kabla wataalamu hawajaanza kuzifanyia kazi kwa kina karatasi za mafunjo kutoka mchanga wa Misri, barua na risiti za watu wa kawaida zilizoonyesha Kigiriki cha Agano Jipya kilivyozungumzwa mtaani. Kamusi za baadaye zilizotumia ushahidi huo zina hakimiliki, zina bei kali, na ndo maana ziko maktaba. Kwa hiyo unapotoka kwenye simu kwenda kwenye lile li-kamusi zito la chumba cha rejea, umeruka zaidi ya miaka mia moja ya utafiti. Vivyo hivyo na komentari, Matthew Henry amejaa mitandaoni na anapendwa, lakini alifariki 1714, ukimweka kwenye asaimenti kama mchambuzi wa sasa mwalimu atakuzungushia kalamu nyekundu.

Na kipya nacho kisomwe kwa macho mawili. Kwenye shelfu hiyo hiyo utaona kamusi kubwa ya kitheolojia ya Agano Jipya iliyoanzishwa na Gerhard Kittel, majuzuu kumi kwa Kiingereza, inatajwa kila mahali. Kittel alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933 na akaandika dhidi ya Wayahudi waziwazi. Maktaba haijaiondoa na sioni kama ilipaswa kuiondoa, makala nyingi humo ziliandikwa na wengine na zina elimu kubwa, ila msomaji anayefuatilia Warumi 13 hasa anapaswa kujua hilo, maana Ujerumani ya miaka hiyo sura hiyo ilikuwa mikononi mwa watu waliotaka kanisa limnyamazie Hitler, na waliokataa walikutana Barmen mwaka 1934 wakatoa azimio lao. Azimio la Barmen hutalipata 227.1, litafute kwenye maungamo ya imani, karibu 238, au kwenye historia ya kanisa la Ujerumani.

Majarida sasa. Hapa ndo elimu mpya inapotokea kwanza, na ndo pa kuzipata zile makala zilizojificha. Katalogi itakuambia tu kwamba maktaba ina jarida fulani kuanzia mwaka fulani, haitakuambia nani kaandika nini. Kwa hilo unahitaji faharasa. Kubwa inayojulikana ni ya Atla, umoja wa maktaba za theolojia ulioanzishwa Marekani miaka ya 1940, faharasa yake unaweza kuitafuta kwa kifungu cha Maandiko, yani unaandika Warumi 13 kwa Kiingereza na inakuletea makala zinazohusu sura hiyo, na kama chuo kimelipia kifurushi kamili unapata na makala yenyewe. Chuo kikiwa hakijalipia basi ipo Index Theologicus ya Tübingen, Ujerumani, hiyo ni bure kwa mtu yeyote mwenye intaneti na inaorodhesha mpaka sura za ndani ya vile vitabu vya kuenzi maprofesa. Inakupa jina la makala tu, mara nyingi sio makala, lakini ukishajua jina, jarida na mwaka, unarudi kwa mkutubi na ombi linaloeleweka, naye anamwandikia mwenzake wa chuo kingine wanatumiana skani. Wakutubi wa theolojia wanajuana kuliko unavyofikiri.

Usisahau majarida ya huku huku. Africa Theological Journal lilianza Makumira mwaka 1968, na upande wa Wakatoliki AFER lilianza 1959 Uganda. Matoleo ya zamani yamejalidiwa kwa miaka, rangi moja yote, yako kona ambayo haina mtu, na humo ndo utakuta Waafrika wakibishana kuhusu kanisa na dola wakati nchi zenyewe ndo zimepata uhuru jana.

Hii inanirudisha kwenye kontena. Chuo kilichoanza kama darasa la wamisionari Freretown mwaka 1903 kikahamia Limuru 1930 hakiwezi kuwa na shelfu sawa na Makumira, ambayo mizizi yake ni Lwandai kule Lushoto 1947 na ikahamia karibu na Arusha 1954. Kimoja kimelelewa na Waanglikana wa Uingereza, kingine na Walutheri wa Ujerumani, Skandinavia na Marekani, na vitabu vinafuata mkono uliolea. Ukienda seminari ya Kikatoliki utakuta sheria ya kanisa na nyaraka za mapapa zina ukuta wao mzima, pale 262.9. Hakuna ubaya, ila kinachoonekana kwenye shelfu ni historia ya watoaji, sio kipimo cha nini kimeandikwa duniani. Kwa Warumi 13 nashauri uende angalau maktaba mbili za madhehebu tofauti. Wengi wanakupokea ukienda na barua ya utambulisho na kitambulisho, utasomea ndani bila kuazima, na kuna wanaotoza ada kidogo.

Na vitu vyenye moto kuhusu Warumi 13 kutoka bara hili, vingi havikuwa vitabu. Waraka wa Kairos wa Afrika Kusini, 1985, ulikuwa kijitabu, na sehemu yake nzima inashughulika na jinsi utawala wa ubaguzi ulivyoitumia sura hiyo kujihalalisha. Barua ya kichungaji ya maaskofu Wakatoliki wa Malawi ya Machi 1992, iliyosomwa makanisani enzi za Rais Banda, ilikuwa kurasa chache tu. Kenya, wakati wa uchaguzi wa mlolongo, wa kupanga foleni nyuma ya mgombea, mwaka 1988, makanisa yalitoa matamko na mahubiri yaliyochapwa kwenye karatasi za kawaida. Vitu vya namna hii, matamko, kumbukumbu za sinodi, barua za maaskofu, kalenda za dayosisi, havina mgongo wa kubandika namba, kwa hiyo vinaishia kwenye maboksi au kabati la mafaili, na kompyuta mara nyingi haivijui. Hapo dawa ni mdomo. Muulize mkutubi kama wana faili la matamko ya makanisa, atakuonyesha kabati ambalo pengine halijafunguliwa mwaka mzima. Na tasnifu za wanafunzi waliokutangulia zipitie pia, maana walioandika juu ya siasa na kanisa lao walikwenda kuhoji wazee ambao leo hawapo, hayo mahojiano hayapo kitabu chochote.

Ukiwa unataka kwenda mbali zaidi, wamisionari na wakristo wa kwanza walihubirije kuhusu utii kwa Mjerumani au Mwingereza, hapo unaingia kwenye nyaraka, na sheria zinabadilika kabisa. Begi linabaki nje, kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu, unaletewa boksi moja na unatoa faili moja kwa wakati mmoja, karatasi zinarudi kwa mpangilio ule ule ulioukuta hata kama unaona umekosewa, maana mpangilio wenyewe nao ni ushahidi. Fotokopi mara nyingi hakuna kwa sababu karatasi zitavunjika, kupiga picha kwa simu bila flashi wengine wanaruhusu, omba kwanza. Nyaraka za Kanisa la Uganda zimehifadhiwa Mukono, chuo kilichokuwa Bishop Tucker tangu 1913 na kikawa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda mwaka 1997. Za misheni nyingi ziko nchi walikotoka wenyewe: barua za CMS, misheni ya Waanglikana wa Uingereza, za Mombasa na Buganda ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, za UMCA, misheni nyingine ya Waanglikana, ya Zanzibar na Magila ziko Oxford, za misheni ya Leipzig waliofika Kilimanjaro 1893 ziko Halle. Kuhusu watu wenyewe, wainjilisti na wachungaji Waafrika ambao kwenye barua hizo wanatajwa kwa jina moja tu kama "mwalimu Yohana", ipo kamusi ya wasifu wa Wakristo wa Afrika, DACB, iko mtandaoni bure, anza na hiyo kujua alikuwa nani.

Ukiamua kuwaandikia hao wa Birmingham au Halle, usiwaambie "naomba kila kitu kuhusu Mombasa", watakujibu kwa adabu na hutapata kitu. Kwanza fungua orodha yao mtandaoni, tafuta namba ya boksi, kisha andika jina la kituo, jina la mmisionari, miaka miwili au mitatu tu, na uulize gharama ya skani ni kiasi gani kwa ukurasa. Barua za Kijerumani za karne ya 19 zina mwandiko ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi, kwa hiyo kabla hujalipia kurasa hamsini omba moja ya mfano, umwonyeshe mwalimu wako wa historia ya kanisa, akikuambia unasomeka ndo ulipie zilizobaki.